Kwa nini ubao wa bei ghali huenda usikufae katika maji ya Diani

Kaskazi inapovuma kuanzia Desemba hadi Machi, na tena kusi inaposhika nguvu kati ya Juni na Agosti, anga ya ufuo wa Diani hujaa tiara za kila rangi, hasa upande wa Galu na Kinondo. Chini ya kila tiara pana mtu aliyesimama juu ya ubao mfupi, akikokotwa na upepo juu ya maji. Vijana wa ufuoni huuita mchezo huo kaiti, na kwa baadhi yao umekwisha kuwa kazi. Wapo wanaofundisha wageni, wapo wanaoshika na kurusha tiara, na wapo wanaoziba vifaa vilivyopasuka.

Mazungumzo ya mchezo huu aghalabu huwa juu ya tiara: ukubwa wake, kamba zake na upepo inaouhitaji. Ubao husahaulika. Kijana anayetaka kununua ubao wake wa kwanza, ambao mara nyingi huwa ni mtumba ulioachwa na mgeni aliyemaliza likizo, huuliza bei na umri wake. Swali ambalo lingemwokolea fedha nyingi zaidi halimjii kabisa: je, ubao huu unapinda kiasi gani, na uzito wangu unatosha kuupinda?

Badala yake imeenea imani kwamba ubao mgumu zaidi ndio bora zaidi. Mbao za nyuzi za kaboni ni ghali na ni ngumu. Basi watu wameunganisha mambo hayo mawili na kuhitimisha kuwa ugumu ndio unaolipiwa. Dai hilo lina nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayowagharimu wanunuzi. Ubao usiomlingana mtu humchosha mapaja, humtikisa magoti, na humsukuma kila mara upande wa chini wa upepo hata akalazimika kurudi kwa miguu mchangani huku ameubeba. Kwa mgeni hilo ni usumbufu wa wiki mbili. Kwa kijana aliyekusanya akiba ya msimu mzima, na anayetaraji kufundishia ubao huo, ni mtaji uliopotea.

Wenyeji wa pwani ya kusini hawahitaji kufundishwa na mtu kwamba ugumu na ubora ni mambo mawili mbalimbali. Mtazame mvuvi wa Gazi au Msambweni na foromali yake, yaani ule mti mrefu unaobeba tanga. Foromali isiyopinda hata kidogo huuacha mlingoti na kamba zibebe peke yake kishindo chote cha upepo wa ghafla. Foromali inayopinda nchani hulegeza tanga kidogo kwa juu, sehemu ya upepo ikamwagika, kisha mti ukarudi ulivyokuwa. Lakini ikiwa laini kupita kiasi, tanga hukosa umbo na chombo hushindwa kwenda joshi. Mvuvi hutafuta mti ulio baina ya hali hizo mbili, tena kwa kuzingatia ukubwa wa tanga lake mwenyewe, si la jirani.

Waashi nao walijua. Vyumba vya majumba ya mawe ya kale ya Waswahili vilikuwa vyembamba na virefu kwa sababu upana wake uliamuliwa na boriti za mikoko. Ukiisogeza kuta mbali zaidi, boriti ileile huinama. Na huinama kwa kasi inayomshangaza asiyezoea hesabu hizi: masafa kati ya kuta yakiongezeka kwa sehemu moja kwa tano tu, boriti iliyobeba mzigo uleule katikati huinama kwa zaidi ya asilimia 70 kuliko awali.

Kiswahili chetu kimetenga maneno mawili yatakayotufaa katika makala haya. Kunesa ni kupinda na kurudi, kama ufito mbichi unavyofanya ukiuvuta na kuuachia. Kunepa ni kuinama kwa kuelemewa, kama kamba ya kuanikia nguo zilizolowa. Ubao mzuri hunesa. Ubao uliochoka hunepa. Tofauti hiyo haionekani kwa macho ubao unapokuwa umelazwa mchangani, ukiwa na rangi zake zote.

Ubao uliozoeleka Diani ni ule wenye ncha mbili zinazofanana, unaokwenda kulia au kushoto bila kugeuzwa. Urefu wake kwa kawaida huwa kati ya sentimita 130 na 145, upana wake ni sentimita 40 na kitu, na unene wake katikati haupiti sana sentimita moja. Ndani mna kiini cha mti mwepesi, mara nyingi paulonia, au povu gumu la plastiki. Juu na chini ya kiini hicho hubandikwa tabaka za nyuzi za kioo, zile ambazo mafundi wa boti huziita faiba, au za kaboni, zikashikwa kwa gundi ya epoksi. Anayezijua skii za thelujini atautambua ufundi huu mara moja, maana ni uleule: kiini chepesi kilichobanwa na ngozi mbili ngumu.

Mtu anaposimama katikati na maji yakazisukuma ncha juu, ngozi ya chini huvutwa na ya juu hukandamizwa. Kazi ya kiini ni kuziweka ngozi hizo mbali. Hapo ndipo unene unapokuwa na nguvu isiyotarajiwa. Ubao wa unene maradufu, uliojengwa kwa vitu vilevile, huwa mgumu mara 8. Ukiongeza unene kwa asilimia 10 tu, ugumu hupanda kwa takriban theluthi nzima. Kwa hiyo milimita moja, ambayo huwezi kuiona kwa jicho, inaweza kutenganisha mbao mbili zilizo sawa kwa urefu, kwa upana na hata kwa picha zilizochorwa juu yake. Nyuzi za kaboni nazo zina ugumu wa karibu mara 3 wa nyuzi za kioo, tena ni nyepesi zaidi. Ubao wa kaboni unaweza basi kuwa mwembamba na bado ukakataa kupinda.

Ubao huo hufanya nini majini? Kwanza yafaa kukumbuka kwamba hakuna ubao ulionyooka kabisa. Ncha zake zimeinuka kidogo, kama dau. Ulioinuka kidogo hukamata maji kwa urefu wake wote, huenda joshi kwa wepesi na hutosheka na upepo hafifu. Ulioinuka sana hugeuka upesi na kupanda juu ya viwimbi bila kuchomeka pua. Ubao mkakamavu hubaki na umbo lake lilelile liwalo lote. Ubao unaonesa hubadilika: mchezaji akiukandamiza, ncha zake huinuka zaidi, akiuachia, hunyooka. Ni kana kwamba umenunua mbao mbili kwa bei ya mmoja, ila ya pili huipati mpaka uwe na uzito au nguvu za kuupinda.

Maji ya Diani yana tabia zake. Mwamba wa matumbawe umejipanga mbele ya ufuo na kuyakata mawimbi makubwa ya bahari kuu. Maji yanapokupwa, eneo la ndani ya mwamba hutulia na kuwa karibu kama sakafu. Hapo ubao mkakamavu hujivunia: huteleza kwa kasi na hauyumbi. Maji yanapojaa, hasa siku za bamvua, mawimbi huvuka juu ya mwamba, na kusi ikivuma kwa ukali eneo hilohilo hujaa viwimbi vifupi vilivyobanana. Sasa kila kiwimbi ni kipigo kidogo, na ubao usiopinda hukipeleka kipigo hicho moja kwa moja kwenye vifundo na magoti ya mtu. Unaonesa humeza sehemu yake. Mtu anayepanda kwa saa moja huenda asione tofauti. Mwalimu anayekaa majini kutwa huiona usiku, akipanda ngazi za nyumbani kwake.

Kuna hoja nyingine ambayo husemwa kinyume karibu kila mahali, nayo ni ya kuruka. Husemwa kwamba ubao mgumu humrusha mtu juu zaidi kwa kuwa una akiba kubwa ya nguvu. Kwa hesabu, ukikandamiza mbao mbili kwa nguvu ileile, ulio laini ndio unaoweka akiba kubwa, kwa kuwa umesogea mbali zaidi. Sifa ya ule mgumu ni kwamba huirudisha akiba yake upesi, kwa ghafla, na mrukaji hodari huhitaji ughafla huo. Lakini ili apate akiba ya maana kutoka katika ubao mgumu, lazima aukandamize kwa nguvu kubwa zaidi. Asiye na nguvu hizo anakuwa amesimama juu ya ubao wa mezani.

Mfano ulio wazi zaidi wa jambo hili hautoki baharini. Unatoka katika theluji, na aliyeuvaa miguuni alikuwa Mkenya. Mwaka 1998, katika Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Baridi iliyofanyika Nagano, Japani, Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800 kutoka Bonde la Ufa, alishiriki mbio za kilomita 10 za skii kwa mtindo wa kale. Alikuwa Mkenya wa kwanza kushiriki michezo hiyo. Alimaliza wa 92, ambaye ndiye aliyekuwa wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway alimngoja kwenye utepe karibu dakika 20 ili amkumbatie. Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi. Ambacho hakisimuliwi ni zile skii zenyewe.

Skii ya mtindo huo huwa imepinda kama upinde, katikati yake ikiwa juu. Chini ya sehemu hiyo ya katikati hupakwa nta inayong'ang'ania theluji. Mchezaji akiteleza huku uzito wake umegawanyika kwenye miguu miwili, sehemu yenye nta haitakiwi kugusa theluji, ama sivyo itamvuta nyuma. Akitaka kujisukuma, huutupa uzito wote kwenye mguu mmoja. Skii hunyooka, nta hugusa, naye hupata mahali pa kukanyagia. Skii iliyo ngumu kuliko uzito wake haitanyooka, na mguu utateleza nyuma kila anapojisukuma. Iliyo laini kuliko uzito wake itaburura nta njia nzima. Ndiyo maana skii hizi huchaguliwa kwa kilo za mtu. Kipimo cha zamani ni cha karatasi: simama sakafuni juu ya skii zote mbili, na karatasi iliyo chini ya katikati ya skii ipite kwa urahisi, simama kwa mguu mmoja, na karatasi ikwame. Hakuna anayeuliza katika duka hilo ni skii ipi iliyo ngumu kuliko zote. Huulizwa ni ipi inayomfaa huyu.

Hata kwa wale wanaoshuka milima kwa kasi, kama Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyelelewa Austria na kuiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018, ugumu huchaguliwa kwa kazi. Skii za wanawake za mbio za kona fupi zinaruhusiwa kuwa na urefu kuanzia sentimita 155. Za mbio za kasi kubwa zenye kona ndefu hazipungui sentimita 205. Za aina hii ya pili hutengenezwa kukataa mtikisiko, na aghalabu huwekwa ndani bamba jembamba la aloi ya aluminiamu. Hapo pia hupimwa jambo la pili ambalo watu wa ufuoni hulisahau: ubao haupindi kwa urefu tu, bali pia husokoteka, kama unavyokamua nguo. Ubao unaosokoteka kirahisi hauumi maji vizuri kwa ukingo wake, hata kama kwa urefu ni mgumu.

Turudi Diani na ule mtumba wa mgeni. Tuseme mgeni huyo ana kilo 90 na alinunua ubao unaonesa sawasawa chini ya miguu yake. Kijana anayeununua ana kilo 60. Kwa mkadirio wa haraka, ili kijana apate mneso uleule katika upandaji uleule, angehitaji ubao wenye ugumu wa theluthi mbili tu ya huo. Ubao uliokuwa wa wastani kwa mwenyewe wa kwanza umekuwa mkakamavu kwa wa pili, bila ubao wenyewe kubadilika hata chembe. Kwa mwalimu wa kike wa kilo 50 tofauti huwa kubwa zaidi. Nimesikia mara kadhaa kijana akilaumiwa kwamba hajui kupanda, ilhali lawama hiyo ingelielekea zaidi kwenye ubao.

Mtu atasema viwanda huandika kiwango cha ugumu, kwa mfano nambari kati ya 1 na 10. Ni kweli, lakini hakuna kipimo kimoja ambacho viwanda vyote vimekubaliana nacho. Nambari 7 ya kiwanda kimoja yaweza kuwa 5 ya kingine, na yote mawili ni ya siku ubao ulipotoka kiwandani. Hazisemi lolote juu ya miaka mitatu ya chumvi na jua.

Njia ya kupima ipo, nayo haihitaji maabara. Chukua matofali mawili na uyaweke umbali wa mita moja kamili. Laza ubao juu yake, upande wa kukanyagia ukiwa juu na mapezi ya chini yakiwa yameondolewa. Pima kwa rula urefu kutoka sakafuni hadi chini ya ubao, katikati kabisa. Kisha weka hapo katikati mtungi wa lita 20 uliojaa maji, ambao ni kilo 20 na zaidi kidogo, na upime tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo lugha ya ubao. Ikiwa mmoja umeshuka milimita 8 na mwingine milimita 12, basi wa kwanza ni mgumu kuliko wa pili kwa nusu zaidi. Ni lazima umbali wa matofali uwe uleule kwa kila ubao. Tumekwisha kuona boriti inavyofanya kuta zikisogezwa.

Uache mtungi kwa dakika chache, kisha uondoe. Ubao ulio hai hurudi pale pale ulipoanza. Usiporudi, gundi au kiini kimechoka: huo unanepa. Pima pia kila ncha peke yake, kwa kuwa mara nyingi upande mmoja huwa umepigwa mwambani ukalegea, na ubao wa namna hiyo utakwenda vizuri kulia na vibaya kushoto. Halafu ugonge kwa sarafu kuanzia ncha hadi ncha. Mlio ukibadilika ghafla na kuwa mzito au wa mvungu, pana uwezekano kwamba ngozi imeachana na kiini mahali hapo. Kagua mwisho matundu ya misumari ya kanda za miguu, kwa maana maji ya chumvi huingia humo kwanza, na kiini cha mti kikilowa huoza polepole bila kuonekana.

Jua nalo ni adui asiyetajwa. Gundi nyingi za epoksi zilizokauka bila tanuri huanza kulainika joto likifika nyuzi 50 hadi 60 hivi, na ubao wenye rangi nyeusi ulioachwa juani adhuhuri unaweza kufika huko. Ukiwa umeegemezwa ukutani huku umelainika, hujifunza umbo lisilo lake. Kivuli cha makuti kinatosha kuuzuia.

Lipo tawi moja la mchezo huu ambalo ugumu husifiwa bila masharti. Ni lile la mbao zenye bawa chini ya maji, zinazomwinua mtu hewani, ambazo ndizo zilizoingizwa kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 2024, mbio zake zikifanyika Marseille. Nguzo inayoshika bawa hilo ina urefu wa karibu mita moja. Ikisokoteka hata kidogo, bawa hubadilisha pembe yake na mchezaji huanguka, hivyo hujengwa kwa kaboni na kukazwa kadiri inavyowezekana. Ila nguzo ya mita moja huhitaji maji ya kina zaidi ya hapo, na ndani ya mwamba wa Diani wakati wa kupwa hakuna kina hicho, bali matumbawe na wale wadudu wenye miiba myeusi.

Neno kwa anayepeleka ubao uliopasuka kwa fundi wa boti. Fundi huyo amezoea kwamba chombo kikivunjika, huongezewa faiba mpaka kiwe imara kuliko awali. Kwa ubao wa kaiti hiyo ni hasara. Tabaka linaloongezwa juu ya ngozi ndilo lililo mbali zaidi na kiini, kwa hiyo ndilo lenye athari kubwa kuliko yote. Milimita moja juu na nyingine chini, kwenye ubao wa sentimita moja, huweza kuufanya upande huo ukakamae kupita ule mwingine kwa zaidi ya nusu. Mwombe akwangue sehemu iliyoharibika kwanza, apachike nyuzi za aina ileile kwa idadi ileile ya tabaka, na apige msasa mpaka unene ulingane na upande wa pili. Kisha uweke tena juu ya matofali kabla ya kumlipa.